Hatua Tuliyoificha Jikoni

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua simu ilivyoniponza mara ya kwanza. Ililia mfukoni katikati ya mchezo, hospitali wakiniita kwa mama, na sheria ya chesi haina huruma: simu yako ikilia ukumbini, umefungwa. Timu ya taifa nikaikosa, na mama nikamkuta amekwisha kata roho. Mnajua pia ya mara ya pili, nilipomgusa askofu badala ya malkia. Kwetu ukigusa umegusa, unamcheza huyo huyo hata kama anakupeleka kaburini.

Leo nawaletea ya mara ya tatu. Hizo mbili za kwanza, wenzangu, zilikuwa cha mtoto.

Mwaka huo ubingwa wa wanawake wa Marekani uliletwa mjini kwetu Cleveland, kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Timu ya kwenda Olimpiadi ya chesi ina viti vitano. Vinne vilikwisha pata wenyewe. Cha tano kilibaki kati yangu na Renuka Sathe, na raundi ya mwisho ikatukutanisha mimi na yeye uso kwa uso.

Renuka ni mwanafunzi wangu. Nilimpokea akiwa hana meno ya mbele, nikamfundisha farasi anavyoruka, na sasa ni msichana mkubwa wa chuo anayenitoa jasho. Mimi nina arobaini na ushei. Kwenye chesi ya siku hizi, mtu wa umri wangu huamkiwa shikamoo kwanza, kisha anafungwa. Nilijua nikikosa safari hii sitapata nyingine.

"Sare inakutosha," mume wangu Thad aliniambia asubuhi ile, ananifunga skafu kama mtoto anayepelekwa shule. "Nusu pointi tu, mke wangu. Cheza kama mtu anayevuka barabara kubwa."

"Na wewe kaa mbali nisikuone. Ukinitazama nakosea."

"Mimi ndiye kocha wa timu, Ilo. Nitakaa wapi kama si mbele?"

"Basi fumba macho."

Akacheka. Thaddeus Pruitt alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu asahau deni. Kamati ilikuwa imempa ukocha wa timu ya wanawake, na midomo ya watu ikaanza kusema atambeba mkewe. Ndipo tulipokubaliana mbele ya kamati kwamba hatanifundisha mimi wala Renuka hata hatua moja, mpaka kiti cha tano kipate mwenyewe. Ukocha ule aliuota tangu ujana.

Lakini kabla hajapewa ukocha, mimi na Thad tulikuwa na siri yetu.

Tuliigundua majira ya baridi, jikoni kwetu. Katika ufunguzi ninaoupenda, mwenye kete nyeupe anamtoa farasi bure, anamtupa katikati ya askari wa mwenzake. Ukiiuliza kompyuta itakucheka. Itakwambia umepoteza farasi na akili. Lakini mpe muda, hatua kumi mbele utamwona mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Tulitafuta dawa ya upande wa weusi mpaka Thad akaanza kuiota usingizini. Hatukuipata, kwa sababu haipo.

Hatukuiweka kwenye mashine, maana mashine siku hizi zinachunguliwa. Ilikaa kwenye vichwa vyetu viwili na kwenye ubao wa zamani wa baba, mezani, sufuria ya kuku wa paprika ikichemka pembeni. Niliiwekea akiba Olimpiadi. Nilishaona hata picha yangu gazetini.

Baba alikuwepo, naam. Mzee Kalman Varga, aliyetoroka Budapest akiwa kijana akafundisha chesi nusu ya watoto wa Kihungaria wa mji huu. Lakini ugonjwa wa kusahau ulikwisha mla. Kiingereza kilimtoka chote, akabaki na Kihungaria chake, tena cha kuokoteza. Alikaa kwenye kiti chake akikoroga supu iliyopoa. Mimi na Thad tulimhesabu kama tunavyohesabu friji.

Basi. Raundi ya mwisho nikapata kete nyeusi. Renuka akafungua, nami nikajibu, tukaingia kwenye ufunguzi ule ule. Niliingia bila wasiwasi. Vitabu vyote vinasema weusi wako salama pale, na hatari yenyewe tuliijua watu wawili tu duniani, mmoja mimi, mwingine ananioshea vyombo.

Hatua ya kumi na nne, Renuka akanyanyua mkono. Hakufikiri hata kidogo. Akamshika farasi, akamtupa katikati ya askari wangu.

Hatua ile ile ya jikoni kwetu.

Ukumbi ukanong'ona. Kwenye skrini ya ukutani mashine ikaonyesha kwamba weusi wanashinda. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Maskini mtoto, kajimaliza mwenyewe." Watu wakawa wananipongeza kwa macho. Nilitaka kuwaambia acheni, mnampongeza maiti.

Nikamtafuta Thad. Alikuwa mstari wa mbele, amepauka kama majivu. Macho yetu yakakutana, naye akaangusha yake chini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hilo ndilo lililonijia, na lilinijia kwa kishindo.

Nilikaa pale saa yangu ikinitafuna. Wenzangu walidhani natafuta dawa. Dawa ya nini, na mimi ndiye niliyejua haipo? Nilikuwa najiuliza mengine. Alimfundisha lini? Wapi? Walikaa meza moja, upande mmoja? Alicheka naye kicheko kile? Nakwambieni ukweli, kiti cha tano nilikisahau kabisa. Nilichokiona mbele yangu ni nyumba yangu inaungua, na aliyeiwasha anajikuna goti mstari wa mbele.

Mfalme wangu alipokosa pa kwenda, nikasimamisha saa nikampa mtoto mkono, kukiri nimeshindwa.

"Asante, Mwalimu," Renuka alisema. Akaanza kuzipanga kete upya. "Tukae?"

Kwetu mkimaliza mchezo mnakaa. Aliyeshinda na aliyeshindwa mnaurudia mchezo wote pale pale, huyu anasema niliogopa hapa, yule anasema hapa ningekuua. Hata maadui hukaa. Mimi nilimfundisha Renuka hivyo, kwamba kumkatalia mwenzako kukaa ni kumtemea mate. Na swali la kwanza huwa moja siku zote: hii hatua umeitoa wapi?

"Kaa mwenyewe," nilimwambia, nikaondoka.

Laiti ningekaa. Dakika moja tu ya kukaa ingeniokoa na yote yaliyofuata. Hasira hasara, waliosema hawakukosea.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha kamati ya uteuzi. Mwenyekiti, Bi Harriet Lindqvist, alikuwa anamimina kahawa. Thad alikuwa dirishani, amevaa koti la timu lenye bendera kifuani.

"Ilona, pole sana," Bi Lindqvist alisema. "Kaa upate kikombe."

"Sikuja kupewa pole wala kahawa. Nimekuja kumshtaki kocha."

Thad akageuka. "Ilo, tuongee nje."

"Tutaongea hapa hapa. Ile hatua tuliijua wawili. Mimi sikumpa mtu. Nani kampa?"

"Sijui."

"Hujui. Mbona uliangusha macho?"

"Niliona unakufa na sikuwa na la kukusaidia. Ulitaka nikukodolee?"

"Maneno matamu hayo. Ulikuwa unamfundisha saa ngapi, nikiwa sokoni au nikiwa namwogesha baba?"

Bi Lindqvist akaweka birika chini. "Ilona, unajua unachokisema? Kocha akimpa mchezaji siri ya mwenzake, hatashika tena timu yoyote ya nchi hii."

"Najua. Ndiyo maana nimelisema mbele yako."

Thad hakupaza sauti. Bora angepaza. Alivua koti, akalikunja vizuri kama anavyokunja kila kitu chake, akaliweka juu ya kiti.

"Hukuniuliza," alisema. "Tumezeeka wote, tumezika wote, na hukuja kuniuliza. Umekuja na jibu mkononi."

"Basi kana. Kana mbele ya watu."

"Nimeshakwambia sijui. Kama neno langu halikutoshi, mimi sina jingine."

Akatoka, na mlango akaufunga taratibu. Nami mjinga nikavuta pumzi ya ushindi.

Nilikuwa nafungua gari langu kwenye maegesho ya hoteli, theluji inaniingia shingoni, niliposikia mtu anakimbia. Alikuwa Renuka, hana hata koti.

"Mwalimu, subiri. Mbona umeniacha pale kwenye ubao kama mwizi? Watu wote walikuwa wananitazama."

"Ulitaka nikupigie makofi?"

"Nilitaka tukae nikwambie. Nilidhani ukiiona ile hatua utafurahi hata kidogo, hata kama umefungwa."

"Nifurahie nini, wewe mtoto?"

"Si ya nyumbani kwenu? Si ya mzee?"

Nikamtazama. "Mzee gani?"

"Mzee Kalman. Baba yako."

Funguo zikaniponyoka zikazama kwenye theluji. Renuka akainama kuzitafuta huku anaongea haraka, meno yanagongana kwa baridi.

"Zile Jumamosi ninazokaa naye mkienda kufundisha. Yule hakai kimya akiona ubao, Mwalimu. Kila nikija anapanga kete vile vile. Kisha anaushika mkono wangu, anauweka juu ya farasi, anausukuma mpaka nimtoe. Mwanzo niliona ni ugonjwa tu. Halafu siku moja nikaiangalia vizuri, nikasema, mama yangu, kumbe hii kitu ni kweli! Nikawa naicheza naye mpaka mwisho. Nikipatia, anacheka mpaka machozi yanamtoka, ananipapasa shavu."

"Anakwambia nini?"

Akasimama, funguo mkononi. "Kihungaria sikijui. Neno moja tu nilikuwa nalielewa."

"Lipi?"

"Ananiita Ilona."

Moyo wangu ulipasuka pale pale, kati ya magari ya watu.

"Na hukumwambia wewe si Ilona?"

"Ulinikataza," alisema polepole. "Ulisema akiniita jina lolote niitike tu. Ulisema tukimbishia analia siku nzima."

Kweli nilisema. Nilimwambia mlangoni kwangu, nimeshika pochi, naona nina akili sana.

Renuka akaniangalia usoni kwa muda. Huyu nimemlea kwa kumfundisha kusoma nyuso za wapinzani, na akausoma wangu.

"Ilikuwa yako," alisema. "Haikuwa ya ujana wake. Ilikuwa yako na Thad."

Akaniwekea funguo kiganjani, akageuka kurudi hotelini anatembea kama mtu aliyepigwa. Sikumuuliza anakwenda kufanya nini. Akili yangu yote ilikuwa kwa Thad.

Nikampigia. Haipatikani. Nikampigia tena na tena, yule mama wa mtandao ananijibu kwa adabu ile ile. Nikaendesha gari kwenda nyumbani nikiomba Mungu nilikute lake uani.

Halikuwepo.

Jirani aliyekuwa anamtazamia baba alikuwa anavaa kofia yake. "Mumeo amepita," aliniambia. "Kachukua begi. Kambusu mzee kichwani, akaenda. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema hajui. Mmegombana?"

"Hapana," nilisema, na machozi yakanisuta hapo hapo. Jirani akanishika bega, akaona hakuna la kusema, akaenda zake.

Baba alikuwa jikoni, ubao mbele yake. Aliponiona akanyanyuka kidogo, kama afanyavyo kwa wageni.

"Karibu, bibi," alisema kwa Kihungaria. "Keti. Binti yangu hayupo, amekwenda kucheza."

Nikaketi. Sikumbishia.

"Anacheza nini, mzee?"

"Chesi. Leo ndiyo siku yake." Akasogeza kichwa karibu na changu. "Alikosa timu mara mbili, maskini. Akawa analia bafuni anafungulia maji, anadhani simsikii. Mimi nasikia. Safari hii hakosi. Nimempa kitu."

"Umempa nini?"

Akachungulia mlangoni kwanza. "Kuna watu wawili walikuwa wanakaa hapa mezani, Thad na mwanamke mmoja simjui. Wanacheka, wananong'ona. Wamepata hatua nzuri sana, na wanamficha binti yangu. Mimi wananiona gogo. Nikaitazama, nikaishika, nikamwibia mwanangu."

Wenzangu, nimefiwa na mama, nimezika na wengine. Sijapata kusikia maumivu kama yale. Mwanamke mmoja simjui. Alitumia akili yake ya mwisho, ile iliyobaki kijiko kimoja tu chunguni, akaitumia kunipa mimi. Na aliyeipokea hakuwa mimi.

"Umepata habari zozote?" aliuliza, amenishika mkono. "Ameshinda?"

"Ameshinda, mzee. Ameshinda vizuri sana."

Akafunika uso kwa viganja vyake akalia kwa furaha, mabega yanamcheza. Nami nikalia, kwa yangu. Baadaye akanitazama kwa mshangao.

"Na wewe unalia nini? Kwani ni mtoto wako?"

Simu ikalia. Niliirukia bila kuangalia jina, nikijua ni Thad.

"Ilona, ni Harriet," ilisema sauti ya Bi Lindqvist. "Nimekuweka kwenye spika, kamati yote inakusikia. Renuka alikuwa hapa sasa hivi. Amekataa kiti."

"Amekataa?"

"Amekataa. Hakutaka kueleza, amesema tu kwamba mchezo ule haukuwa wake, ulikuwa wako. Kwetu sisi hilo linatosha kuonyesha kwamba uliyosema juu ya Thad ni kweli. Kiti cha tano ni chako. Hongera."

Nikamtazama baba, bado anajifuta machozi.

"Imebaki kitu kimoja. Ile shutuma lazima uirudie mbele ya kamati nzima. Ukiirudia, wewe unakwenda Olimpiadi na Thad ukocha kwake umekwisha, maisha. Ukiikana, itakuwa umemsingizia kocha, na sheria zetu unazijua. Utatoka kwenye timu, mwaka huu na mingine yote. Kwa hiyo nakuuliza, Ilona. Thad alimpa Renuka ile hatua, au hakumpa?"

Mara mbili nilikikosa kile kiti. Mara mbili nilifungulia maji bafuni. Na sasa kimeletwa mpaka mezani kwangu, kimefutwa vumbi, na mwenye kunizuia nisikikalie amekwisha ondoka na begi lake bila kunipigia hata simu. Kati ya watu waliojua ukweli wote, mmoja ni mimi, mwingine ni Renuka aliyekataa kueleza, na wa tatu haijui hata sura yangu.

"Ni Ilona?" baba aliuliza, macho yamemwaka. "Nipe, nipe niongee naye."

Kabla sijamzuia alikwisha nipokonya simu, akaishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili.

"Ilona, mwanangu," alisema kwa Kihungaria, kwa sauti kubwa ya mtu anayeongea na ng'ambo. "Ulimtoa farasi? Umeona nilivyokwambia? Mimi ndiye niliyekupa, mimi baba yako. Thad usimwambie. Thad hajui lolote, nilimwibia."

Kamati nzima ilikuwa imemsikia, na hakuna hata mmoja wao anayejua Kihungaria.

"Nani huyo?" Bi Lindqvist aliuliza. "Nimesikia jina la Thad. Ilona, huyo mzee anasema nini?"